Tumbaku Iliyokwisha Kuzoea Mtu

Msambweni, baada ya alasiri

Mwanangu Saumu,

Saa hii nadhani umekwisha kufika Mkwiro na bibi yako amekukalisha mkekani, anakulisha kwa nguvu kama kwamba huko Nanyuki uendako kesho hakupikwi. Najua hutarudi kabla ya magharibi. Nimefunika cherehani mapema, sare za watoto wa shule zitangoja, na nimeketi hapa ukumbini na daftari lako la zamani ambalo bado lina kurasa safi.

Habari za sweta, dawa ya kifua na namna ya kuishi na walimu wenzako, shangazi zako wamekwisha kukuchosha nazo. Mimi nataka kukueleza habari ya ile chupa.

Niliiona jana ulipokuwa ukipanga mkoba. Uliifunga kwa leso yangu nyekundu ukaitia katikati ya nguo isivunjike. Hukuniomba, nami sikukasirika. Chupa ile imekuwa yako kuliko kuwa yangu tangu ukiwa mtoto. Lakini kabla hujafika nayo huko, yakupasa ujue kwamba tumbaku iliyomo si ya baba yako. Nimekuficha jambo hili miaka kumi na minane. Tafadhali usiache kusoma hapa.

Baba yako Mbwana alikuwa fundi wa viko, hilo unalijua. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya maduka ya Kona ya Musa, na viko vyake vya mpingo na mbambakofi aliwauzia wageni wa hoteli za Diani. Yeye mwenyewe alianza kuvuta kwa ajili ya kazi. Alisema fundi asiyevuta hawezi kujua kama kiko chake kinachoma ulimi. Lakini tumbaku hakununua hata siku moja. Wageni wakiwa wanarudi kwao walimwachia mikebe waliyokwisha kuifungua, kwani hakuna apendaye kusafiri na mkebe uliolegea. Huu una nusu, ule una robo. Moja yanukia asali, nyingine zabibu kavu, nyingine moshi wa kuni mbichi. Baba yako aliyamimina mabaki yote katika chupa moja, hiyo hiyo uliyoifunga kwa leso, ya kioo kinene, mdomo mpana, kifuniko cha kubana chenye mpira. Wanaoijua tumbaku walimcheka. Kila aina hutiwa chupa yake, walimwambia, zikikaa pamoja huambukizana harufu mpaka hujui ipi ni ipi. Akacheka nao, akaendelea kuchanganya. Ndiyo sababu harufu yake haikuwa na ndugu popote duniani.

Tulipokuwa na miezi miwili ya ndoa alinifundisha kuitunza. Namuona hata sasa, amekaa pale mlangoni, vumbi la mbao limemjaa nyusi.

"Tumbaku ikishafunguliwa inaogopa hewa na jua," akaniambia. "Itie kizani. Chupa iwe imejaa mpaka shingoni, pasibaki nafasi ya hewa kucheza. Wala usiifungue kwa kuchungulia tu."

"Nitajuaje kama ingali nzima?"

"Ibane." Akanishika vidole viwili akavitia ndani ya chupa pamoja na vyake. "Ukiiachia ikafumuka polepole, nzima. Ikivunjika, imekauka. Ikibaki donge, imelowa, na hapo omba Mungu."

Mimi nilikuwa nasikiliza mkono wake, Saumu. Maneno sikuyashika.

Alifariki siku ya Jumatano, adhuhuri, kibandani mwake, patasi mkononi. Moyo, walisema. Wewe ulikuwa na miaka minne. Alipozikwa ulikuwa umelala begani kwa shangazi yako, na ulipoamka ulimwuliza kila mtu aliyekuja matangani kama amemuona baba. Watu walitazama chini. Siku ya saba niliishusha ile chupa kabatini nikaifungua mbele yako. Ukatia pua ndani. Ukacheka, mwanangu, kicheko cha mtu aliyepata kitu chake. Ukasema, "Kumbe yumo." Ukalala usingizi wa kwanza wa kweli tangu mazishi, umeikumbatia.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipoingia, nalo liliingia kwa upole sana. Ukilia, nafungua. Nikilia mimi, nafungua. Mara nyingine niliisahau wazi juu ya meza tangu adhuhuri hadi alasiri, nimeketi nayo tu. Upepo wa kaskazi ulipoanza kuvuma, tumbaku ikakauka. Nikibana, inavunjika kama majani ya jaani. Jirani akanishauri nitie ganda la chungwa, eti litairudishia unyevu. Nikatia, nikafunga, nikafurahi. Kwa hali ya hewa yetu hii ya pwani, siku ya nne nilipofungua nikakuta ukungu mweupe umesimama juu yake kama nywele za mzee. Nikautupa ule wa juu, iliyobaki nikaianika juani kwenye sinia. Ilirudi kavu, haina ukungu, wala haina kitu. Ilinuka nyasi.

Ulikuja ukatia pua. Ukainua uso ukaniangalia. "Mama, baba ametoka."

Siwezi kukueleza nilivyoogopa. Alipokufa mara ya kwanza nilikuwa na watu wamenizunguka. Mara hii nilikuwa peke yangu, na aliyemwua ni mimi. Nikaichukua ile tumbaku nikaimwaga jaani, nikaichoma pamoja na takataka nyingine ili usiione. Moshi wake ulikwenda ukazunguka nyumba chini chini, usipande juu, ukapita dirishani mwa chumba alichokuwa akilala baba yako. Hapakuwa na upepo. Nilisimama na ufagio mkononi mpaka ulipokwisha.

Kesho yake nilikuacha kwa shangazi yako pale Waa, nikavuka feri ya Likoni kwenda Mombasa. Nilikuwa nimesikia habari ya duka moja dogo la tumbaku, la mzee mmoja mpole mwenye miwani mizito. Nilimweleza kisa changu chote, nikaona haya. Hakunicheka. Alinifungulia mikebe mipya, mmoja baada ya mwingine, mpaka kaunta ikajaa. Tumbaku zote zilikuwa kali, zinapiga kelele puani. Nikatikisa kichwa mpaka shingo ikauma.

Akavua miwani. "Bibi, unayoitafuta haiwezi kuwa mpya. Mumeo alivuta mabaki ya watu. Wewe unatafuta tumbaku iliyokwisha kuzoea mtu."

Akaingia nyuma akarudi na chupa kubwa iliyofungwa sana. Alisema ni ya mteja wake wa siku nyingi, aliyekuwa akiiacha hapo dukani na kuja kuivuta kila Ijumaa, kisha akaacha kuja. Imekaa miaka miwili rafuni. Alipofungua, nikainama nikatia pua. Haikuwa yenyewe, lakini ilikuwa tulivu kama ile, na kwa mbali ilikuwa na ule moshi wa kuni mbichi. Nikasema hii hii.

Yeye ndiye aliyenifundisha upya, nami safari hii nilishika kila neno. Nisitie ganda wala kipande cha tunda, kwani kitaleta ukungu. Nisiiweke friji, itakunywa harufu ya samaki na kupata maji ikitolewa. Ikipungua, niihamishie chupa ndogo zaidi. Ikianza kukauka, niitandaze sahanini, nifunike juu kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, kisiiguse, na niwe naibana kila baada ya muda mpaka ifumuke polepole. Mpira wa kifuniko ukipasuka, nibadilishe siku hiyo hiyo.

Nikarudi nyumbani. Nikaiosha chupa ya baba yako, nikaikausha kabisa, nikaimimina ya yule mteja ndani yake, ikajaa mpaka shingoni. Nikangoja Idi, nikakuita.

Ulivaa gauni la manjano nililokushonea. Ulitia pua. Ukakaa hivyo muda mrefu, macho wazi. Kisha ukaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyemo chumbani na mgeni:

"Mama, huyu nani?"

"Baba."

"Siye."

"Ni baba, Saumu. Umekua, ndiyo maana unamuona tofauti."

Ukatia pua tena. "Huyu mguu wamuuma," ukasema. Ukaenda nayo chumbani.

Nimeyarudia maneno yako hayo miaka yote. Ningeweza kusema kweli pale pale. Ulikuwa mtoto wa miaka mitano, ungelia wiki moja, ungesahau. Nilidhani mtoto hawezi kuishi na pengo, lazima lijazwe, hata kwa kitu cha uongo. Sasa najua pengo lilikuwa langu mimi. Wewe ulikuwa umekwisha kunijibu: baba ametoka. Ulilijua na ulikuwa unangoja niseme ndiyo.

Baada ya hapo uliizoea. Ukitoka chuoni kwa maalimu unakwenda kuketi nayo. Niliposhona hapa ukumbini nilikuwa nakusikia ukizungumza, unanyamaza kiasi cha mtu mwingine kujibu, unaendelea. Watoto wote huzungumza na vitu, nilijiambia. Adhuhuri moja, jua kali la kupasua kichwa, nikakukuta umeifunika chupa kwa leso mbili na blanketi. "Anaona baridi," ukaniambia. Siku nyingine ulikuwa ukiruka kamba uani, ukihesabu: imwe, igiri, ithatu. Nikaacha kushona. Nyumbani kwetu hakuna ajuaye kuhesabu kwa Kikikuyu. Nikauliza nani amekufunza, ukaonyesha dirisha la chumbani, ukaendelea kuruka. Nikasema umeyapata kwa watoto wa wafanyakazi wa hoteli. Inawezekana. Hata leo siapi kwamba haikuwa hivyo.

Nilikwenda kwa maalimu wako. Alinisikiliza kwa heshima akasema, "Mwanamisi, wafu hawakai ndani ya chupa. Msomee mtoto aya ya Kursiyyu, na wewe upumzike." Nilikusomea. Mchana niliamini aliyoniambia. Jua likianza kushuka, imani ilipungua kidogo kidogo kama maji ya mtungi.

Ulipofika miaka saba nikavuka feri tena, chupa ikiwa kwenye kikapu chini ya nguo za kushona. Yule mzee wa duka alinikumbuka.

"Mwenye tumbaku hii alikuwa mtu wa namna gani?" nikamwuliza. Sikumtajia mguu. Sikumtajia chochote.

"Mzee wa bara," akasema. "Wa huko juu, Nanyuki. Alikuwa na mguu mbaya, huu wa kushoto. Akiingia hutaka kiti kwanza, salamu baadaye. Na alikuwa mtu wa ajabu. Joto la Mombasa hili, saa saba ya mchana, yeye amevaa koti zito na analalamika baridi."

Nilishika kaunta.

"Alikuja pwani kufanya nini?"

"Alikuja kumtafuta binti yake. Walikosana, binti akaondoka nyumbani, mzee akasikia yuko pwani. Alikaa miaka anamtafuta. Kisha Ijumaa moja hakuja."

"Jina lake?"

Alifikiri. Niliona aibu ikimpanda usoni. "Nilimwita Mzee. Naye aliniita Mzee. Hatukuwahi kuulizana."

Nikaiweka chupa juu ya kaunta. Nikamwambia nataka kuirudisha. Akakigusa kifuniko kwa kidole kimoja, kisha akaondoa mkono. "Nafasi yake rafuni bado ipo," akasema. "Lakini mtoto utamwambia nini?"

Nilisimama pale mpaka adhana ya alasiri. Ningekwambia kweli, ungebaki huna baba. Nisingekwambia, ungebaki na mzee wa watu anayetafuta binti. Na nikukirie jambo moja, lililo baya zaidi kuliko yote: ulikuwa unalala vizuri. Ulikuwa umeacha kulia. Yeyote aliyekuwa humo, alikuwa mpole kwako. Nikaitia chupa kikapuni nikarudi nayo Msambweni.

Tangu hapo nimeitunza kama nitunzavyo macho yangu. Kabatini, chini kabisa, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Mpira nimebadilisha mara nne. Msimu wa kaskazi nailaza chini ya kitambaa kibichi, msimu wa mvua siifungui kabisa. Nimeketi mara nyingi nikajiuliza mimi ni mwanamke wa namna gani. Mume niliyempenda nilimwacha akaota ukungu katika mwaka mmoja. Mtu nisiyemjua hata jina nimemtunza miaka kumi na minane, hajapoteza harufu hata kidogo.

Lakini amepungua. Hili sijapata kukuambia. Chupa ilijaa mpaka shingoni, sasa imefika nusu, nami sikuihamishia chupa ndogo usije ukauliza, na hapa nyumbani hakuna avutaye. Nimekuchunguza wewe, nimejichunguza mimi. Naipima kila Idi.

Ulipokuwa mkubwa uliacha kuzungumza nayo, au uliacha kuzungumza kwa sauti. Nikadhani yamekwisha. Kisha mwezi uliopita ukaja na barua yako ya kazi, unaruka kwa furaha, umepata shule. Nikauliza wapi. Ukasema Nanyuki. Shangazi yako akapiga vigelegele. Mimi sindano ilinichoma kidole na sikuisikia. Nilikuuliza usiku ule kama ulichagua mwenyewe au umepangiwa, unakumbuka? Ulisema uliandika sehemu tatu, na hiyo uliiandika ya kwanza. Nikauliza kwa nini. Ukapandisha mabega. "Sijui, Mama. Naona kama napajua."

Sikuzuii. Ningetaka kukuzuia ningekuwa nimesema siku ile. Wewe ni mwalimu, una akili kunishinda, na huenda ukisoma haya utasema mama alikuwa mjane mchanga, mwenye huzuni, aliyesikia yasiyokuwapo. Sema hivyo, sitakuona mtovu wa adabu. Lakini usifike huko na uongo wangu mkobani.

Nikupe kidogo cha baba yako kilicho cha kweli, maana tumbaku yake iliishia jaani. Alikuwa na hasira za haraka, zilizokwisha kabla hujajua umemkosea nini. Aliimba vibaya. Siku uliyozaliwa alichonga kiko kidogo kama ukucha, akaketi akilia kwa kuona aibu, kwa sababu alitambua mtoto mchanga hana kazi na kiko. Ulipokuwa na homa alikubeba kutoka hapa mpaka hospitali, hakukubali mtu ampokee, na alipofika mikono ilikuwa imekaza hawezi kukutua. Huyo ndiye baba yako. Hana mguu mbaya, haoni baridi, na hakuwahi kufika mbali zaidi ya Voi.

Leo ulipoondoka niliitoa chupa mkobani mwako. Nilikuwa nimeazimia kuimwaga baharini. Nikafika nayo mlangoni, nikarudi. Nikaosha chupa nyingine, ndogo, nikaikausha juani, nikaihamishia tumbaku humo mpaka ikajaa shingoni, kwani hewa ya huko juu ni kavu na itaimaliza ukiipa nafasi. Niliibana kwanza. Ilifumuka polepole, nzima kama siku niliyoipata. Kisha, Mungu anisamehe, nikazungumza nayo. Nikasema, "Umeishi na mwanangu, sasa yeye anakupeleka kwenu. Ukifika, muache arudi kwangu." Nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili. Kioo kikafanya ukungu kwa ndani, upande mmoja tu, mahali padogo kiasi cha mdomo. Mikono yangu ilikuwa na joto la pasi, najua. Nilingoja mpaka ukungu ule ukaondoka, ndipo nikaifunga kwa leso nikairudisha.

Ukifika Nanyuki fanya utakavyo. Ukiona ni upuuzi wa mama yako, itupe, sitauliza. Ukitaka kuuliza watu wa huko juu ya mzee mwenye mguu mbaya aliyeshuka pwani kumtafuta binti yake asirudi, uliza. Huenda huyo binti yupo, amekuwa bibi, na hajui kwamba alitafutwa. Nami nina ombi moja. Kila Ijumaa nikisha kumwombea baba yako, huwa nabaki nimenyosha mikono, nataka kumwombea na huyu mwingine, nakosa la kumwita. Basi ukipata jina lake, kwa watu au kwa njia nyingine yoyote, niandikie.

Nasikia lango. Umewahi kurudi. Barua hii nitaitia ndani ya kiatu chako cha kulia kilichomo mkobani, uione kesho ukiwa mbali.

Mama yako akupendaye na aliyekukosea,
Mwanamisi